Nilidhani ni kaskazi ya Paje: siku bahari ya Galveston ilipoondoka na mimi na kite yangu

Wakuu, salamu kwenu mlio nyumbani kwenye joto na mlio huku kwenye baridi za watu.

Haya ninayoyaandika yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Uongo pekee uliomo ni ule niliomdanganya mke wangu, na huo nitauweka wazi hapa hapa mkauona, maana yeye hajamaliza kunisema mpaka leo.

Niko Plano, pembeni ya Dallas, Texas, asubuhi hii, kahawa mkononi. Tangu corona iingie mwezi wa tatu, ofisi yangu ni meza ya jikoni. Kuna message moja naisubiri kwenye simu, na mpaka ifike sina akili ya kufanya kazi ya mtu. Kwa hiyo naandika. Hiyo message ni ya nani, mtajua mbele.

Kilichonisukuma ni uzi wa jana wa ndugu yetu mmoja wa Houston. Kapata kite used, anauliza akaijaribu Galveston msimu huu wa baridi, upepo si upo mwingi? Watu wote wakamjibu "kajaribu mkuu, maisha ndio haya haya."

Nyie! Mmemtuma mtu wa watu.

Kwa msiojua, kite ni tiara kubwa la kitambaa, ubavu wake wa mbele unajazwa hewa kwa pampu. Linafungwa kwa kamba ndefu kwenye mkanda mpana kiunoni mwako, miguuni una ubao. Upepo unalivuta tiara, tiara linakuvuta wewe, unateleza juu ya maji. Raha yake siwezi kuwaeleza. Ndiyo iliyonipeleka kubaya.

Mimi ni mtoto wa Paje, Unguja. Kabla ya bahati nasibu ya green card kunileta huku, nimefundisha wageni kite miaka sita.

Sasa muielewe bahari ya Paje, maana kosa langu lote linaanzia pale.

Nje kuna mwamba unaovunja mawimbi. Ndani maji ni ya kiunoni, vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto. Kaskazi ikianza Disemba inavuma kwa mshazari kutoka baharini kuja ufukweni. Ukianguka, upepo wenyewe unakurudisha nchi kavu. Maji yakitoka unabeba ubao kwapani, unarudi nyumbani kwa miguu, njiani unasalimiana na kina mama wanaotoka kwenye mwani.

Yaani kule ukikosea, bahari inakusamehe. Miaka sita nimesamehewa, mie nikajiona fundi.

Huku Plano kazi yangu ni help desk kwenye ofisi kubwa. Watu wanasahau password, mimi nawafungulia. Kutwa nzima. Kule kwetu watu wazima na vyeo vyao walikuwa wananiita mwalimu, wananishika mkono wasizame. Huku kuna bosi mmoja nimem-reset password sijui mara ngapi na jina langu halijui. Kazi ni kazi, sikatai. Ila mtu unafika mahali unajiuliza, yule mwalimu kaenda wapi?

Basi 2017 nikapata kite used kwa jamaa mmoja Fort Worth, nikawa nacheza nayo ziwani siku za joto. Moyo ukapoa kidogo.

Hapa nimtambulishe rafiki yangu Kip. Mkenya, Mkalenjin wa Kericho, nesi wa ICU. Tulijuana Dallas kwenye nyama choma ya Wakenya, baadaye akahamia Houston kikazi. Kip bahari ameiona akiwa na ndevu tayari, na kuogelea hajui. Nilimtania kwa hilo kila nilipopata upenyo. Yeye ananiambia Watanzania tunaongea Kiswahili kirefu mpaka chai inapoa.

Akija Dallas tunakwenda wote ziwani. Yeye kiti chake, soda yake, ananishikia kite wakati wa kuirusha. Nilimfundisha jambo moja tu: kite ikianguka usishtuke, kuanguka ni kawaida yake.

Kumbukeni hilo.

Januari ya 2018, group letu la walimu wa zamani wa Paje likaanza kurusha video. Kaskazi imekolea, vijana wanaruka juu mpaka unajiuliza watashuka lini. Mmoja akaniandikia, "Wewe si ndiye ulikuwa baba lao? Siku hizi tunasikia unarusha mouse tu."

Group zima likacheka.

Iliniuma wakuu. Nilicheka nao lakini iliniuma sana.

Wiki hiyo hiyo utabiri ukasema kuna front, yaani wimbi la hewa baridi, inashuka, itapita Ijumaa, Jumamosi jua na upepo wa kaskazini siku nzima. Mnaoishi huku mnaijua hiyo kitu: leo fulana, kesho unatafuta koti la mwaka jana lilipo. Mimi sikufikiria koti. Nilifikiria upepo wa kaskazini, mwezi wa Januari, mbingu safi. Kwetu hiyo ndiyo season yenyewe. Nikaona upepo ulionilea umenifuata Texas.

Nikampigia Kip, nikamwambia nakuja, nataka unirekodi video moja tu ya kuwanyamazisha watu.

Mama Nasra, mke wangu, nikamwambia nakwenda Houston kwenye kikao cha harusi.

Mnajua kikao cha harusi huku hakina maswali. Kila weekend kuna kikao cha mtu. Akaniuliza lile begi kubwa lina nini, nikasema vitambaa vya mapambo. Akauliza anayeoa ni nani, na huyo naye nikampa jina, Hamadi, tena nikamwambia ana mvi kidogo lakini kajitahidi.

Binti yangu Nasra alikuwa na miaka saba. Akanisindikiza mpaka mlangoni, "Bring me cake, Baba."

Nikasema inshallah.

Jumamosi asubuhi tukatoka kwa Kip tukashuka Galveston, mpaka mwisho kabisa wa kisiwa upande wa magharibi, pale ghuba inapomwaga maji yake bahari kuu kwa mlango mmoja mwembamba. Nilipapenda kwa sababu hapakuwa na mtu. Ungenichekesha ungeniuliza kwa nini hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na kibao cha onyo kuhusu mkondo. Nilikisoma kama mnavyosoma terms and conditions.

Mbingu buluu, jua linameta juu ya maji, ukitazama ukiwa ndani ya gari unasema ni Paje. Nikavaa nguo yangu ya mpira, ile fupi, mikono nje magoti nje. Mtalii aliniachia zamani. Kule tunaivaa kwa ajili ya jua.

Kip kavaa koti, kofia ya sufu, na glovu. Akaitazama miguu yangu.

"Buda, na hii baridi unaingia na short?"

Nikamwambia damu ya pwani ina moto.

"Na mbona huu mchanga unakimbilia kwa maji?"

Nikatazama. Kweli mchanga ulikuwa unatambaa chini chini kutoka kwenye vilima vya nyuma yetu, unaingia baharini. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Mtu wa Kericho, asiyejua kuogelea, aliona kwa dakika mbili kitu ambacho mwalimu wa miaka sita hakukiona. Nikamjibu, "Kip, wewe fundisha watu kuchuma majani ya chai, bahari niachie mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Hakuniacha. Akatoa bahasha tupu kwenye gari na kalamu. Akaandika jina langu. Akaandika: kite nyekundu na nyeupe, nguo nyeusi fupi, ameingia saa nne na dakika kumi. Halafu akaniuliza, "By saa ngapi nikikukosa nipige simu?"

Nikacheka mpaka nikashika goti. "Unaniandikia faili kama mgonjwa?"

"Cheka tu. Job yetu hatutoki shift kama hatuja-handover mgonjwa kwa mwenzetu. Mtu hawezi kuwa hana mwenyewe. Saa ngapi?"

Nikasema nusu saa, ili aniache. Akaandika saa nne na dakika arobaini, akaichorea duara. Akataka na namba ya mama Nasra. Hapo nikasita kidogo, maana mama Nasra anajua niko kikaoni. Nikampa. Nilijua haitatumika.

Nikaingia.

Dakika tano za kwanza, wallahi, nilirudi kuwa mtu. Maji yaliniuma miguu lakini kite ilinivuta vizuri, nikaruka mara mbili, nikampungia Kip mkono, naye kule kashika simu anarekodi. Nikaona kabisa group litakavyonyamaza.

Nikageuza ubao nirudi karibu na ufukwe niruke mbele ya kamera.

Ufukwe ukawa hausogei.

Nikajipinda zaidi. Kwangu mimi kupanda upepo, yaani kwenda kuukabili, ni kama kupanda ngazi ya nyumbani. Lakini kila nikipanda hatua moja, chini yangu maji yananishusha mbili. Nikatazama nyumba za ufukweni, zimeshakuwa ndogo. Kip nimeshindwa kumtofautisha na nguzo ya kibao.

Hapo ndipo hesabu ikaja, tena yote kwa mpigo. Front ilikuwa imeisukuma ghuba tangu jana yake, maji yote yale yanatafuta ule mlango mmoja. Na saa ile maji yalikuwa yanakupwa, tena bamvua, zile siku maji yanapotoka mengi kuliko siku nyingine. Upepo unatoka, maji yanatoka. Mbele yangu hakuna mwamba, hakuna mchanga wa kutembea, hakuna kina mama wa mwani. Iko Mexico.

Na huko nje upepo ulikuwa mkali kuliko ufukweni, kwa sababu ufukweni nyumba na vilima vilikuwa vinaukinga. Pigo moja likaninyanyua, likanibwaga, kite ikaanguka majini na kamba moja ikajiviringisha kwenye ncha yake.

Nilipozama na kichwa ndio nikaijua ile baridi. Pumzi ilikatika. Nilifungua mdomo nivute hewa nikavuta maji. Kifua kinabana, moyo unapiga ovyo. Watu wanadhani ukianguka kwenye maji ya namna ile unaanza kuogelea. Huogelei. Unagombana na pumzi yako kwanza.

Nilipoipata pumzi nikataka kujifungua, maana kite iliyoanguka ilikuwa bado inaniburuza kwenda nje. Kuna kishikio chekundu kifuani, unakisukuma kinakuachia. Nimewafundisha watu wazima kwa watoto kukisukuma wakiwa wamefumba macho. Vidole vyangu vikakataa. Naviona viko juu ya kishikio lakini havishiki. Nikakisukuma kwa kiganja cha mkono, nikatumia mikono miwili, mara ya nne ndio kikaachia.

Nikajivuta kwa kamba iliyobaki mpaka nikaifikia kite, nikajilaza juu ya ule ubavu wenye hewa. Hapo nikapata pa kushika. Ubao ulishakwenda na maji.

Shingoni nilikuwa na simu ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaweka kidole, simu ikanikataa. Nikaweka tena, ikanikataa. Ikataka namba za siri, na kila nikibonyeza moja inaingia nyingine, mpaka ikajifunga.

Mie huyu, ninayefungulia watu password kutwa, nimeshindwa kufungua yangu.

Nilicheka peke yangu katikati ya bahari. Halafu nikaanza kulia.

Wakuu, nitawaambia nilichokiwaza, na hakikuwa kitu kikubwa. Niliwaza keki ya Nasra. Na niliwaza kwamba nikifa, mama Nasra ataambiwa nimekufia baharini na yeye atabisha. Atasema hapana, mume wangu yuko kikao cha harusi ya Hamadi. Atawapigia watu wote wa Houston kuuliza harusi ya Hamadi ni wapi, na hakuna Hamadi. Msiba wangu utaanza na uongo wangu. Hilo liliniuma kuliko baridi.

Nikasoma shahada. Nikasema, ya Rabbi, nirudishe hata kwa aibu.

Turudi ufukweni kwa Kip.

Kip aliiona kite ikianguka. Aliniambia baadaye. Hakushtuka, kwa sababu nani alimwambia kuanguka ni kawaida? Mimi. Jua lilikuwa linameta, akawa anaona doa jekundu, halioni, analiona. Akangoja iinuke. Akatazama saa, bado. Akatazama tena.

Ilipofika saa nne na dakika arobaini, maneno yake mwenyewe ni haya: "Nilitaka nikungojee five minutes zaidi. Nilijua nikipiga simu na uko sawa, utanicheka mpaka Christmas. Lakini nilikuwa nimeandika."

Yaani bahari, upepo, baridi, vyote vile vilikuwa vinaniua, na cha mwisho kilichokuwa kinamalizia ni kicheko changu. Mtu anasita kuokoa maisha yako kwa sababu anaogopa utamtania. Hili huwa silisahau.

Akapiga. Na kila walichomuuliza watu wa uokoaji kilikuwa kwenye bahasha. Rangi gani? Kavaa nini? Kaingia saa ngapi? Upepo unaelekea wapi? Hilo la mwisho halikuandikwa, lakini alitazama mchanga akawaambia, unatoka nchi kavu unakwenda baharini. Walijua pa kunitafuta.

Mimi kule nilikuwa nimeshaacha kutetemeka. Nikaona nafuu, nikasema baridi imepungua. Kip anasema hapo ndipo mtu anapoondokea, mwili ukiacha kutetemeka jua umekata tamaa. Nilianza kusinzia. Nikasikia mlio wa boti nikadhani ni dishwasher ya nyumbani.

Nakumbuka mikono ya waokoaji, nakumbuka mtu ananiuliza jina langu, na mimi namjibu vizuri kabisa lakini mdomo hautoi neno.

Ufukweni palikuwa pamekusanyika watu wawili watatu. Bwana mmoja, mtu mwema kabisa, akapiga magoti aanze kunisugua miguu. Na sisi kwetu si ndio hivyo? Mtu kapigwa na baridi mnamchua, mafuta ya karafuu, chai ya moto, haraka haraka. Kip, yule mpole mtu wa soda, akanguruma: "Usimguse miguu!" Mpaka wale wa boti waligeuka. Akanilaza chali taratibu, akanikata nguo ya mpira kwa mkasi, akanikausha bila kusugua, akanivika kofia yake ya sufu, blanketi juu, koti lake juu ya kifua. Hakuna kuchua, hakuna kunisimamisha. Alisema damu iliyopoa miguuni ikirudishwa moyoni kwa pupa, moyo unaweza kugoma.

Alikuwa anaongea nami muda wote. Sikumbuki aliyosema ila moja: "Haki ukifa nitaambia watu wote ulishindwa na mtu wa chai."

Ambulance ikanichukua. Na Kip akaitoa ile bahasha, akapiga ile namba niliyojua haitatumika.

"Shemeji, naitwa Kip, rafiki wa mzee. Yuko hai, anaongea, tuko hospitali."

Mama Nasra akamuuliza, "Wamepigana kikaoni?"

Kip, masikini, hakuwa na habari ya kikao chochote. Akasema, "Kikao gani, shemeji? Ametolewa baharini."

Njia ya mwongo ni fupi, wakuu. Yangu ilikuwa ya kutoka Plano mpaka Galveston tu.

Akamwacha Nasra kwa jirani, akaendesha gari peke yake njia nzima. Alasiri nikausikia mwendo wake kwenye korido ya wodi, nikafumba macho nijifanye nimelala. Akasimama karibu na kitanda. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kistaarabu kabisa:

"Bwana harusi hajambo?"

Nesi aliyekuwepo hakuelewa kwa nini mgonjwa wake aliyekuwa anaendelea vizuri ameanza kulia.

Na yeye akalia. Alilia kwa hasira, akanipiga kofi la begani halafu akanivutia blanketi lifunike pale alipopiga. Akasema, "Ungeniambia unakwenda baharini ningekununia, basi. Kununiwa kunaua?"

 

Kabla hajaondoka akamwomba Kip ile bahasha. Nilidhani anataka kuichana. Aliikunja akaitia kwenye mkoba, na tangu siku ile iko kwenye mlango wa friji letu, imebanwa na smaku ya umbo la embe. Nikifungua friji kutafuta maziwa naisoma: ameingia saa nne na dakika kumi.

Na keki nilimpelekea Nasra. Mama yake alinisimamisha dukani tukiwa njiani kurudi, akasema chagua wewe, na iandikwe Hamadi.

Sasa wengine mtauliza, niliacha kite? Sikuacha. Mama Nasra ndiye aliyenikataza kuacha, mtashangaa. Alisema mume wa kununa ndani ya nyumba hamtaki, ila nikajifunze upya.

Basi mwalimu wa miaka sita nikaenda kukaa na wanafunzi. Kuna mama mmoja Mmarekani, mtu mzima, anafundisha upande huo wa Galveston. Siku ya kwanza hakunigusisha kite. Alinisimamisha ufukweni akaniuliza swali moja: nguvu zikikuishia sasa hivi, huu upepo na haya maji vitakuacha wapi? Kama jibu si mchanga, usiingie. Nikawaza, swali hili pale Paje hatukuwahi kuliuliza kwa sababu jibu lake lilikuwa mchanga kila siku.

Siku hizi baharini naingia upepo ukiwa unatoka Ghuba ya Mexico kuja nchi kavu, maji yakiwa yanajaa, mbali na ile milango ya ghuba. Nguo yangu sasa ni nene, inanifunika mpaka vifundo, na glovu juu. Naonekana kama pipa la maji, na sijali. Front ikipita nabaki Plano nakula maharage.

Na ufukweni anakaa mama Nasra na bahasha mpya. Kip alikuwa mpole, huyu si mpole. Nikichelewa dakika mbili nakuta kashasimama, simu sikioni.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Houston mwenye kite used: usiiuze. Upepo mwingi si sababu ya kuingia, tazama unakwenda wapi. Tazama mchanga, utakwambia. Na uwe na mtu nchi kavu aliyeandika saa yako, halafu muahidi mbele ya Mungu kwamba akipiga simu bure hutamcheka.

Nilisema nasubiri message.

Mwaka huu mwezi wa tatu Kip alinipigia. Wodi yake imegeuzwa ya corona. Anakaa peke yake Houston, mama yake yuko Kericho, mke bado anatafuta. Sauti yake haikuwa ile ya utani. Akasema, "Mwalimu, sasa ni mimi naingia kwa maji."

Nikaenda kuchukua bahasha na kalamu. Nikamuuliza: unaingia saa ngapi? Umevaa nini? Namba ya mama? Na nikikukosa kwa saa ngapi nipige simu?

Alicheka kidogo, halafu nikasikia hacheki tena.

Tangu hapo kila akitoka shift asubuhi ananitumia neno moja: Nimetoka. Mwisho wake saa mbili na robo. Siku moja ilifika saa mbili na robo, kimya. Kweli nilitaka kungoja dakika tano, asije akanicheka. Lakini nilikuwa nimeandika. Nilipiga wodini, nikapiga tena, nikawasumbua watu wenye kazi zao mpaka mmoja akatoka kwenda kumtafuta. Walimkuta parking, kalala kwenye gari lake, mkono kwenye usukani, mzima wa afya, kachoka tu. Alinipigia sauti imejaa usingizi. Nilingoja anicheke.

Akasema, "Asante buda."

Sasa hivi ni saa mbili na dakika tisa. Nimeandika uzi wote huu nikiwa na jicho moja kwenye simu. Mama Nasra naye kashuka, kasimama mlangoni. Nasra, ambaye miaka yote tukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, kaniuliza, "Baba, anko Kip ametoka?"

Dakika kumi na moja.

Imeingia.

"Nimetoka. Leo hatujapoteza mtu. Weka chai."

Haya, na nyinyi niambieni hapa chini: mkiingia majini, ya bahari au ya maisha, aliyeandika saa yenu ni nani? Na wewe umeiandika ya nani? Kama huna, shika simu leo umtafute. Anayetaka kunicheka kuhusu Hamadi anicheke tu, foleni anaongoza mke wangu.